Bi Kidole hafungui kipanya kabla ya kuona kidole

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa gemu bado unanuka maji ya deki. Kompyuta ishirini na nne zimezimwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, na taa pekee inayowaka ni ile ndogo iliyo pembeni mwa dirisha. Chini yake, mama mmoja mwenye miwani iliyoteremka hadi nchani mwa pua ameinamia kipanya cha kompyuta kilichofunguliwa tumbo. Anakibofya. Anatega sikio. Anakibofya tena.

"Huyu mwongo," anasema bila kuinua kichwa. "Nimembofya mara moja, yeye kaenda kuripoti mara mbili."

Kwa mtu anayeandika barua, anaeleza, ugonjwa huo ni kero tu. Kwa anayecheza gemu za mashindano ni msiba: alitaka kupiga risasi moja zikatoka mbili, au alikuwa ameshikilia kitufe kwa nguvu zake zote na kompyuta ikadhani ameachia. Wateja wake karibu wote wanaletwa na ugonjwa huo.

Mwandishi wa makala haya alipanda ngazi za ukumbi huu akiwa na dharau kidogo, na afadhali aiseme mapema. Kipanya kikiharibika, si unanunua kingine? Mama alilisikiliza swali hilo hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono na kukiomba kipanya cha mwandishi mwenyewe. Akalegeza skrubu mbili. Kutoka kwenye kigurudumu akavuta kwa kibano unywele mrefu, punje za sukari na kipande cha ganda la karanga.

"Unakula kazini," akasema, basi.

Akakifuta, akakifunga, akakirudisha. Kigurudumu kilichokuwa kimekwama tangu mwaka jana sasa kinazunguka bila kusita. Swali la kununua kingine halikurudiwa.

Wateja wanamwita Bi Kidole, na jina hilo amelipata kihalali. Mteja akifika haulizwi kipanya kina nini. Anapewa kiti, anaambiwa agonge meza kwa kidole chake cha shahada, vilevile anavyobofya akiwa katikati ya mchezo. Wageni hucheka. Wengine hudhani wameingia kwa mpiga ramli kwa bahati mbaya. Yeye anatazama tu: kidole kinashuka kutoka juu au kimelala palepale, kinagusa au kinakandamiza, mwenyewe ana haraka au ana hasira. Akisharidhika ndipo anaposhika bisibisi.

"Kipanya ni nusu ya kifaa," anasema. "Nusu nyingine mteja anaondoka nayo mkononi."

Vidole anavijua tangu ujana. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa ofisini, na taipu yake aliifungua na kuisafisha mwenyewe, kwa kuwa fundi wa ofisi alikuwa mtu wa kesho na keshokutwa. Alijua herufi ipi huwa nzito wakati wa baridi. Akirudi likizoni aliweza kumtaja aliyeigusa mashine yake, na hakuwa anabahatisha. Kompyuta zilipokuja akajifunza kompyuta. Ofisi ilipofungwa akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai na cheti cha shukrani, akakaa miezi kumi na moja bila kazi, huku mumewe, dereva wa lori la mchanga, akiibeba nyumba peke yake.

Aliyemwingiza kwenye vipanya ni kifungua mimba wake. Binti huyo, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili, alikuwa akicheza gemu kwenye ukumbi huuhuu na kila jioni alirudi akilalamika kwamba vipanya vyake vimechoka. Siku moja mama akachoka na malalamiko, akamwambia alete kimoja. Wakakifungua kwenye meza ya jikoni. Ndani mlikuwa na swichi ndogo kuliko punje ya hindi, na ndani ya swichi ulimi mwembamba wa shaba, unaoruka juu na chini kila kidole kinapobonyeza. Mama alicheka peke yake mpaka mumewe akaja kuuliza kuna nini. Ilikuwa taipu ileile, anasema, ila wameipunguza mwili.

Wiki hiyo alitengeneza tisa. Mwenye ukumbi, kijana anayemwita Shangazi ingawa hawana undugu wowote, akampa meza ya dirishani bila kodi kwa sharti moja tu: vya ukumbi vitangulie.

Ni mwaka wa nne sasa. Kwa siku anafufua vipanya sita au saba, kwa malipo yasiyofika theluthi ya bei ya kipya. Siku nzuri anarudi nyumbani na matumizi ya siku tatu. Siku mbaya anarudi na harufu ya risasi ya kulehemu kwenye nguo. Ukimuuliza kama anaridhika anakutazama kana kwamba umemuuliza kama anapumua.

Ana maneno makali kwa wauaji wa vipanya. Kuna wanaovuta waya kama wanavuta mbuzi mkaidi. Kuna wanaopuliza vumbi kwa mdomo na kumwaga mate ndani. Kuna wanaojipaka mafuta mikononi na kwenda moja kwa moja kucheza, na kuna wale wanaoshindwa mchezo wakakibamiza kipanya mezani, kana kwamba ndicho kilichokosa shabaha. Dawa yake haina uchawi: kitambaa kikavu kila siku, pamba yenye spiriti kidogo kila wiki, na vile vibandiko vya kutelezea vilivyo chini vibadilishwe mara vinapoanza kukwaruza. Mwandishi akamkumbusha kwamba maboksi ya viwandani huahidi mamilioni ya mibofyo.

"Mamilioni hayo yalihesabiwa na mashine," akajibu. "Mashine haina hasira."

Hapo mwenye ukumbi, aliyekuwa anashusha viti, alicheka kwa sauti. Lakini kuna droo moja kwenye meza ile ambayo hata yeye haigusi, na habari zake mama alizisimulia polepole.

Miaka miwili iliyopita, timu ya binti yake ilifika fainali ya mashindano ya kumbi za gemu. Siku mbili kabla, kipanya cha binti kikaanza kubofya mara mbili. Mama akakichukua, na kwa mapenzi yake yote akakifanyia kila alichokijua. Akang'oa swichi za zamani na kuweka mpya, nyepesi, bora kuliko zilizotoka kiwandani. Akabadilisha vibandiko. Akausugua kwa msasa hata ubavu wake, pale palipokuwa pamelainishwa na kidole gumba, mpaka pakarudia mparuzo wa dukani. Kikatoka kama kinakwenda harusini. Binti alimkumbatia.

Kidole cha binti kilikuwa kimezoea swichi nzito. Kilikuwa na tabia ya kulala juu ya kitufe kikisubiri, na swichi ya zamani ilikivumilia. Mpya haikukivumilia. Kwenye fainali ilifyatuka kabla mwenyewe hajaamua, mara tatu, na ya tatu ikawa ndiyo iliyowatoa. Mama alikuwa amekaa safu ya mbele.

"Watu walikuwa wanapiga kelele, lakini mimi niliisikia ile kliki," anasema, na hapa anavua miwani. "Nikajua si yake. Nilikuwa nimempa mwanangu mkono wa mtu mwingine."

Binti hakumgombeza. Angemgombeza, ingekuwa nafuu. Alinunua kipanya kingine, kikachoka, akanunua cha pili, kisha cha tatu, na hakuna hata kimoja kilichopita kwenye meza ya mama yake. Nyumbani wanacheka, wanasukana nywele, wanagombea rimoti kama watu wowote. Neno kipanya tu ndilo halitajwi. Baba mtu alijaribu kuwasuluhisha kwa kukiangusha makusudi kipanya cha nyumbani, akitegemea binti atakipeleka panapostahili. Binti akakipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Yule akakimaliza kabisa.

Ni baada ya fainali ile ndipo mama alipoanza kuwagongesha watu meza. Na ndipo alipoapa kutobadilisha swichi ya mtu kama inaweza kupona. Badala yake huifungua, akausugua ulimi wa shaba uliofubaa, akaukunja kidogo kwa sindano ya kushonea ili urudi kwenye uzito wake. Kazi hiyo inahitaji roho ngumu. Ulimi ukiruka, umekwenda. Aliwahi kupiga magoti sakafuni asubuhi nzima kuutafuta mmoja, akaja kuukuta kwenye kifungo cha sweta yake. Sasa huifanya mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki mwangavu, ili kinachoruka kisifike mbali.

Yote hayo aliyasimulia huku akitazama mlangoni kila mara. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi binti yake anacheza fainali tena, ya kwanza tangu ile, na jana mama alimsikia chumbani akibofya. Mara moja, mara mbili. Ukuta ni mwembamba na sikio lake ni lilelile. Alikuwa na hofu kwamba akisema, binti ataenda tena mtaa wa pili.

Saa tano kasoro robo, ngazi zikalia. Msichana mrefu mwenye begi mgongoni aliingia, akamsalimia mwenye ukumbi, akamwamkia mwandishi, kisha akavuta kiti cha wateja na kukaa. Akaweka kipanya mezani. Akaeleza kama mteja yeyote, macho yake kwenye taa: kinabofya mara mbili, vya aina hii vimekwisha madukani, fundi wa mtaa wa pili amesema swichi zibadilishwe.

Mwenye ukumbi aliacha kushusha viti.

"Gonga meza," mama akasema.

Binti akamtazama. Kisha akalaza mkono, akagonga. Kidole kilisubiri, kikashuka, kikalala palepale. Mama alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama cha mtu mwingine asubuhi ile. Akavaa miwani, akaingiza mikono kwenye ule mfuko wa plastiki.

Ilichukua dakika arobaini. Mwandishi alibanwa na chafya akaimeza. Ulimi wa shaba uliruka mara moja, ukagonga plastiki, ukarudishwa. Mwishowe mama akafunga skrubu, akafuta kipanya kwa kitambaa kikavu, akakisogeza mbele.

Binti akabofya. Akabofya tena, haraka, polepole, mara nyingi mno kuhesabu.

"Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu. Ni swichi yako na uzito wako. Nimeisafisha ulimi tu."

Binti akaenda kompyuta namba saba, akacheza nusu saa. Nusu saa hiyo yote mama alishughulikia kipanya cha mteja mwingine, na mwandishi ni shahidi kwamba alifungua na kukaza skrubu ileile mara nne.

Binti aliporudi, mama alifungua ile droo. Akatoa kile kipanya cha fainali ya kwanza. Swichi za zamani, alizozing'oa kwa mapenzi, alikuwa amezihifadhi ndani ya kiberiti. Alijifunzia kazi ya sindano kwa swichi mbovu za ukumbi kwa karibu mwaka mzima kabla ya kuthubutu kuzigusa, kisha akazirudisha mahali pake. Alimwambia hayo harakaharaka, kama mtu anayeungama. Ubavu ndio alioshindwa. Ulaini ule hautengenezwi na fundi.

Binti akakishika. Akafumba macho, akabofya mara moja.

"Ndicho chenyewe," akasema. Akabaki nacho mkononi kwa muda, kidole gumba kikienda na kurudi juu ya mparuzo. Kisha akakirudisha mezani, upande wa mama yake.

"Jumamosi nitachezea nilichokizoea, hiki ulichokitengeneza leo. Hicho cha zamani uje nacho wewe, kiwe cha akiba." Akavaa begi. "Fundi wa timu anakaa nyuma ya kiti changu, Mama. Uje na bisibisi zako."

Akashuka ngazi. Mama alifuta miwani, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Akasema vumbi la ukumbi huu limezidi. Mwenye ukumbi akamkubalia, ingawa sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ileile.

Mipango anayo. Anataka kiti cha pili mezani, amfundishe mtu kazi ya sindano. Anataka taa yenye lenzi, maana macho hayarudi ujanani. Lakini mwandishi alipomuuliza lini, alisema wiki ijayo, leo ana shughuli. Alikuwa anakata kipande cha boksi kwa mkasi. Akakilaza chini ya taa na kuandika kwa herufi zilizonyooka mstari mmoja, kama zimepigwa chapa, kisha akakibandika ukingoni mwa meza, mahali ambapo kila anayepanda ngazi atakiona:

"Jumamosi fundi hayupo. Ameitwa kazini na mwanawe."