Kidawa Hadanganyiki

Mwaka wa sabini na tano, shangazi yangu Kidawa alijiandikisha darasa la watu wazima pale Visiga. Hakwenda kusoma. Alikwenda kumchunguza mwalimu.

Mwalimu aliitwa Melkiori, kijana mpole kutoka Songea. Kila alipomaliza herufi, aliwaburudisha watu kwa mambo ya ajabu aliyoyasoma. Mbu anayeuma ni jike tu. Pweza ana mioyo mitatu. Popo si ndege, huzaa na kunyonyesha. Wanafunzi wengine walicheka, Kidawa akakunja uso. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imewahamisha kutoka bondeni kwa maneno matamu vilevile, akaiacha minazi yake imezaa.

"Huyu anatuzoesha kuitikia," alimwambia wifi yake, Mwamvita. "Leo popo, kesho tuhame tena."

Hilo la popo alilifuatilia. Walikuwa wamejaa kwenye dari ya ghala la kijiji, akamwomba mlinzi, mzee Kondo, amshushie mmoja. Kondo akamleta ndani ya tenga, na kweli, kitoto kilikuwa kimeng'ang'ania ziwa la mama yake. Kidawa alikitazama weee, kisha akasema, "Basi ndiyo hatari zaidi. Mwongo hodari huanza na kweli."

Siku moja Melkiori alikuja na bwana afya aliyebeba hadubini. Wakaweka tone la maji ya kisima kwenye kioo chake, watu wakachungulia mmoja mmoja, wakitoka wanatema mate: vijidudu vilikuwa vinaogelea! Kidawa akakataa tone lao.

"Hao mmewafuga humo humo chomboni."

Akaenda kwake, akarudi na maji ya mtungi wake, akakisugua kile kioo kwa ncha ya khanga, ndipo akainama. Wadudu walikuwamo.

"Na yakichemshwa?"

"Kachemshe ulete, mama."

Akachemsha, akaleta. Vijidudu bado vilionekana, ila havikucheza tena.

"Kwa hiyo mnataka ninywe maiti?"

"Maiti haumi, mama," akasema Melkiori.

Kidawa akacheka, mara ya kwanza darasani. Jioni alichemsha sufuria nzima, akampa kuku kwanza, na kuku alipoamka mzima, naye akanywa. Tangu hapo hakunywa mabichi.

Miaka michache baadaye kikasikika kipindupindu, na nyumba za jirani zikaanza kulia. Wakati huo Mwamvita alikuwa akiumwa miguu, na Kidawa ndiye aliyemtekea maji. Akamwambia ayachemshe.

"Yananuka moshi," Mwamvita akakataa. "Na wewe wamekupa nini, wifi, mpaka unawasemea?"

Neno hilo lilimchoma. Alijua ubishi wa wifi yake, na alijua hauponi kwa maneno, maana yeye mwenyewe hakupona kwa maneno. Basi akawa anachemsha kwake, anafunika, anayaacha mpaka moshi unaisha, kisha anajitwika ndoo na kwenda kuyamimina kwenye mtungi wa Mwamvita, huku akihema kama aliyetoka kisimani.

Ugonjwa ulipita, Mwamvita hakuguswa. Akaishi mpaka uzeeni akijisifu kwa kila mgeni kwamba maji mabichi ya Visiga hayajapata kumdhuru. Kidawa, aliyekuwa hawezi kuvumilia uongo wa mtu, alikuwa akikaa pembeni, anachambua mchicha, wala hainui uso.