Mdogo wangu ameng'olewa jino zima ili asijulikane anavuta sigara

Assalaam alaykum. Admin, nisitiri jina, Pemba tunajuana. Nina miaka ishirini na nne, nilimaliza kidato cha nne, naishi na wazazi wangu Jadida, Wete. Kila siku naandika shajara, kwa hiyo mambo haya nayaeleza kwa mpangilio wake.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka kumi na sita na ana kigugumizi. Mwaka jana yeye na wenzake walianza kuangalia tamthilia moja kwenye simu. Humo mna mkubwa wa genge ambaye akiulizwa jambo hajibu. Huwasha sigara kwanza, akavuta, akapuliza moshi, na chumba kizima kinamsubiri. Mdogo wangu akawa anamuiga nyumbani kwa kijiti cha kiberiti. Tulicheka. Mama alikuwa akimwambia, "Haya bwana mkubwa, tunangoja amri yako."

Baada ya Idi Kubwa kijiti kikawa sigara. Nilimkuta nyuma ya skuli na wenzake. Nilipombana aliniambia taratibu, bila kukwama sana, "Dada, nikiwa nayo mkononi watu wananingoja nimalize. Nyinyi hamjawahi kuningoja."

Ni kweli. Nyumbani sote humalizia maneno yake.

Ili kuua harufu, anatafuna karafuu. Huku kwetu nani atashangaa mtu kunuka karafuu? Lakini mama alimwona kila siku anaitafuna upande mmoja, na karafuu ndiyo dawa ya jino, akadhani jino linamuuma, akampeleka hospitali. Daktari aliligonga, akasema haoni ubaya, bora wasubiri. Mdogo wangu akashikilia kuwa hawezi hata kulala, mama akamuunga mkono, gego likang'olewa. Mama alirudi akimsifu kwa majirani kwamba hakutoa hata chozi. Kesho yake shavu limevimba, na anavuta.

Nilimsihi aache. Akaacha siku chache, na siku zote hizo hakutamka neno nyumbani, hata salamu alijibu kwa kichwa. Kisha akarudia. Baba naye alishasema mvuta sigara hatalala chini ya paa lake, na baba akisema amesema.

Sasa anatafuna karafuu upande wa pili. Mama anataka kumrudisha hospitali wiki ijayo.

Nikisema, anafukuzwa. Nikinyamaza, anang'olewa jino jingine zima. Na akiacha, anakuwa kama bubu. Nimeswali, nimefikiri, sioni mlango. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?