Mkufu wa Mvua na Vikombe vya Kahawa

Fundi bati wa mtaa wetu amefariki. Tumemzika Alhamisi baada ya sala ya alasiri, na wasomaji wangu wanaokaa hapa mjini watamjua mara moja nikisema kwamba ni yule aliyekuwa akitembea huku akitazama juu. Kiburi hakuwa nacho hata kidogo. Alikuwa akitazama mifereji ya mapaa. Ukimwamkia njiani alikuitikia vizuri, akakuuliza habari za nyumbani mpaka za paka, na macho yake wakati wote yako kwenye pembe ya paa la mtu mwingine. Akimaliza kukuombea heri huongeza, "Lile bomba pale halifiki masika." Mazishini mzee mmoja alininong'oneza kwamba marehemu huenda ameshaanza kuuliza maji ya huko alikokwenda yanapitia wapi. Niliona haya kucheka mbele za watu, nikageuka nikajifanya natafuta viatu vyangu.

Nyumba zetu ni za mawe na chokaa, na chokaa haina adui kama maji yanayoteremka ukutani kidogo kidogo. Ndiyo maana ukingoni mwa paa pana mfereji wa bati, na kwenye mfereji pana bomba la kuyashusha maji mpaka chini. Bomba huwa zuri mwaka wa kwanza. Baadaye chumvi ya pwani hulila, kunguru hutia vijiti vyao, watoto wa chuo cha Kurani hutia mpira wa matambara, na mvua ikija bomba hutapika katikati ya ukuta. Mkabala na dirisha letu anakaa mjane mmoja, mtu mzima, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Bomba la nyumba yake lilikuwa na viraka vingi hata bati lenyewe halionekani. Siku moja kipande cha chokaa yake kikabanduka, kikaangukia kofia ya mtu aliyekuwa akipita zake. Bi Mkubwa akamwita fundi.

"Fundi, mimi bomba jengine sitaki," akasema kutoka dirishani. "Nitafutie njia ya maji isiyo na tumbo."

"Isiyo na tumbo, Bi Mkubwa?"

"Naam. Chenye tumbo kinaziba. Hata mimi daktari kashanambia."

Kumbe fundi jawabu alikuwa nalo zamani. Masika moja dari la msikiti wetu lilivuja, na maji yakaufuata mnyororo wa taa kutoka juu mpaka kwenye kioo, pete kwa pete, bila tone kuanguka pembeni. Fundi alikuwa katika safu ya pili, macho juu kama kawaida yake. "Sala ile ilinibidi niirudie," aliwahi kuniambia, "lakini mnyororo niliuelewa palepale." Basi akaling'oa bomba la Bi Mkubwa, akaziba ukuta, na kwenye tundu la mfereji akatundika mnyororo wa shaba unaoshuka mpaka ndani ya pipa, kando ya baraza. Ili maji yasiruke, kila baada ya pete kadhaa aliweka vikombe viwili vidogo vya shaba vilivyotobolewa chini, vimekaribiana kwa ajili ya urembo tu. Kuvigonga vikombe kunahitaji kipimo, naye kipimo kilichokuwa karibu na mkono wake kilikuwa kikombe cha kahawa alichotoka kukinywea. Hakufikiri zaidi ya hapo. Mnyororo ulipokamilika, wanawake wa mtaani wakauita mkufu wa mvua, na Bi Mkubwa akasema nyumba yake imevishwa uzeeni.

Sasa sihitaji kumweleza mtu wa Unguja namna kahawa inavyouzwa. Muuza kahawa wetu hupita na dele, lile birika lake refu la kahawa, juu ya makaa mkono mmoja, na mkono wa pili anagonganisha vikombe. Hapigi kelele wala haiti mtu. Vikombe vikilia, milango inafunguka. Ndivyo ilivyokuwa tangu zama za babu zetu, na masikio yetu yamezoea hata mtu aliyelala huinuka kabla hajaamka sawasawa. Mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha wakati wa kahawa. Maji yakaingia kwenye mkufu, vikombe vya shaba vikaanza kugongana, na mtaa mzima tukatoka nje. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mvua na pipa.

"Keshapita?" akauliza mmoja, kanzu imeloa mpaka magotini.

"Huyu leo kaota mbawa," mwengine akajibu, na wote wakarudi ndani wakinung'unika.

Ingeishia kwenye kicheko kama si siasa. Msomaji anajua tulipofika siku hizi. Mtu huulizwa chama chake kabla hajaulizwa hali yake. Hata baraza tumegawana. Upande huu wa uchochoro wanakaa hawa, upande ule wanakaa wale, na anayevuka kuomba kiberiti hutazamwa mgongo mpaka arudi. Aliyekuwa akivuka bila kutazamwa ni muuza kahawa peke yake. Basi mvua ziliporudi, na vikombe vikalia, na watu wakatoka wasimkute, kila upande ukaamini kwamba amekwenda kuwanywesha wale wa upande wa pili. "Anatugongea vikombe makusudi tutoke tuloe, kisha kahawa anawapa wenzake," walisema huku. Na kule walisema hivyohivyo, neno kwa neno. Akija na dele lake siku ya jua, mtu anaziba kikombe kwa kiganja: "Mimi nshakunywa." Hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi.

Nilikuwepo kwenye kibanda cha fundi, nimepeleka taa yetu izibwe tundu kwa risasi, muuza kahawa alipoingia. Hakukaa.

"Fundi, kakivunje kitu chako kile."

"Kitu gani?"

"Kile kinachonisengenya kila mvua ikinyesha. Vikombe umevipima kwa changu, sauti ni yangu, na mimi sipo. Huko wanasema nna upande. Mimi nna watoto, bwana. Nikishapewa upande, nusu ya dele nnaimwaga barabarani."

Fundi akaiweka nyundo chini. Akatazama juu, kwenye paa la kibanda chake mwenyewe, lililokuwa likivuja. "Tangu nianze kazi hii," akasema, "watu hutazama juu kitu changu kikiharibika tu. Ule mkufu wanautazama ukiwa mzima." "Nifanyie hisani moja. Mvua ijayo kaa barazani kwa Bi Mkubwa, mikono kwapani, vikombe vyako ndani ya ndoo. Wasipoelewa, nitaushusha kwa mikono yangu na wewe unatazama."

Mvua hiyo haikukawia. Vikombe vya shaba vikalia, milango ikafunguka pande zote mbili, na safari hii watu walitoka na hasira zao tayari. Wakamkuta muuza kahawa amekaa barazani, mikono kwapani kama mtu mwenye homa, dele linafuka mbele yake. Na vikombe bado vinalia. Watu wakaitazama mikono yake. Wakaitazama ndoo. Fundi akasimama kwenye mvua, akanyoosha kidole kuelekea kwenye mkufu, na kwa mara ya kwanza uchochoro mzima ukatazama juu pamoja naye.

"Kumbe tunaitwa na paa," mmoja akasema taratibu.

Bi Mkubwa alikuwa dirishani. "Nyie watu wazima mnaokokotwa na mnyororo," akasema, "hebu ingieni chini ya ukingo wangu mnywe kahawa kabla haijapoa. Na mtu asiniletee chama kwenye baraza yangu, nshaipiga chokaa."

Pakavu palikuwa hapo tu. Wakaingia, wa huku na wa kule, wakakaa goti kwa goti kwa sababu baraza ni fupi. Nisiwadanganye wasomaji kwamba walipatana. Walibishana mpaka dele likaisha, na tende zikaisha, na mvua nayo ikaisha. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemzibia muuza kahawa kikombe, na mkufu haukushushwa. Yeye mwenyewe, akiona wingu, alikuwa anakwenda moja kwa moja kukaa chini yake. Siku za mvua ambazo zamani alikuwa akirudi nyumbani na dele limejaa zikawa siku zake nzuri.

Nimefikiri sana juu ya kazi ya marehemu. Mwenye nyumba alimwomba njia ya maji, akampa njia ya maji, na ukuta mpaka leo ni mkavu. Watu kukaa pamoja hakukuwamo kwenye mapatano, wala yeye hakukukusudia. Wako wenye sauti kubwa hapa mjini wanaotuita kila Jumapili uwanjani, na huwa tunauliza kwanza nani mwengine kaitwa. Vikombe vilipolia hatukuuliza. Nimejifunza kwamba mtu akiitwa kwa kitu anachokipenda hutoka kwanza, na anapogundua nani amekaa ubavuni mwake, kikombe kiko mdomoni tayari.

Jana ilinyesha, mvua ya kwanza tangu tumzike fundi. Mkufu ukalia. Sote tulijua ni shaba na maji, na sote tukatoka, wa huku na wa kule, tukakaa barazani kwa Bi Mkubwa bila kahawa. Baada ya muda muuza kahawa akatokea mbio kwenye kona, kanzu kaikunja, dele mkononi halijashika moto. Akatukuta tumejaa tunamngoja. Akatazama juu, akavuta pumzi.

"Huyu bwana," akasema, "kafa na bado ananiitia wateja kabla sijawa tayari."