Damari na Unyayo wa Rukaiya

Damari, mpishi wa shule pale Ihanja, ana jicho la kulia linalofuata mpira na la kushoto linalofuata miguu, kama kinyonga, na masikio yake husikia jiwe ndani ya mchele gunia likiwa bado limeshonwa. Walimu walipoikwepa semina ya waamuzi wa softiboli kwa kuogopa jua, alikwenda yeye, kanga kiunoni, akarudi mwamuzi. Mwaka wa sita huu anasimama nyuma ya mdakaji na barakoa ya waya usoni, na hajawahi kuhongwa hata soda.

Jumamosi ile shule yake ilicheza na wasichana wa Kiomboi. Mwalimu Gerald alikuja kutoka Singida Mjini kuchagua mwamuzi mmoja wa mashindano ya mkoa, na Damari alilitaka jina lake kwenye karatasi ile kuliko alivyowahi kutaka mume.

Sasa chokaa ya kuchorea mistari imekwisha. Mwalimu Ezekieli, kocha wa Ihanja, akaamuru kisanduku cha mpigaji, ule mraba anaosimama akipiga, kichorwe kwa pumba za mahindi. Pumba, Singida hii, ambako kuku ni wengi kuliko watu. Mchezo haujakolea, wakashuka kuku mia tatu, wengine inasemekana walitoka Ikungi kwa miguu, wakala mstari wote, wakachakura kidogo, wakaenda zao.

Damari akachukua ufagio wa uani. Akafagia ardhi yote inayozunguka kisanduku mpaka ikalala laini kama uwanja wa nyumba asubuhi, ndani akaacha vumbi lake. Akawaita makocha wote wawili: palipofagiliwa ni nje, mguu ukitoka utaacha alama. Wakakubali, Ezekieli akiwa wa kwanza kutoa mkono. Kila mpigaji akimaliza, Damari anafagia upya.

Utaratibu huo uliwala wasichana wawili wa Kiomboi. Walikuwa wale wapigaji wa kushoto wanaoanza kukimbia kabla mpira haujafika, wakaugusa kwa gongo huku tayari wako njiani kwenda besi ya kwanza. Kukimbia ruksa. Ila gongo likigusa mpira na mguu mzima umekanyaga nje ya kisanduku, umetoka. Damari aliwatoa, na Ezekieli akapiga makofi mpaka saa ikamvuka mkononi.

Ikafika zamu ya Rukaiya wa Ihanja, mtoto ambaye kivuli chake humkuta besi ameshapumzika. Matokeo ni sare, mwenzake yuko besi ya tatu. Rukaiya akachomoka, gongo likalia ko, na mguu wake peku ukawa umetua palipofagiliwa, vidole na kisigino. Sikio na jicho la Damari vikakutana papo hapo.

"Auti."

Ezekieli akaja mbio. Akadai mstari hauonekani, akadai kitabu cha sheria hakitaji ufagio. Halafu, mtu mzima yule, akaweka kiatu chake juu ya unyayo wa mtoto na kuusugua kama anazima sigara.

"Uko wapi huo mguu sasa, mama? Rudi kwenye masufuria yako."

Akashusha sauti, akamkumbusha kwamba Gerald anatazama, na kwamba mwamuzi anayegombana na shule yake hapelekwi popote. Abadilishe tu, yaishe.

Damari alivua barakoa. Uso wake ulichemka, ungeinjika makande juu yake yangeiva. Ezekieli huyu mkono alitoa, makofi alipiga mara mbili, sasa anafuta.

"Mwalimu, umefuta vumbi, mimi nilishaona," alisema. "Watoto wa watu wametoka kwa ufagio huu, wewe ukishangilia. Wa kwako naye atatoka kwa huu huu."

Rukaiya mwenyewe alishaokota gongo, anarudi benchi ameinamisha kichwa, amebeba aibu isiyo yake. Hilo ndilo lililomuuma Damari zaidi.

Gerald akasogea na karatasi yake, akamuuliza kama ana uhakika.

"Niandike au usiniandike," alisema Damari, "huyu ni auti."

Gerald akaandika jina lake palepale amesimama, akauliza kama Alhamisi ataweza kufika mjini. Damari alikuwa ameshainama, anafagia kwa nguvu za kuchimba kisima.

"Subiri, mwalimu," alimjibu. "Kwanza huyu mwenye kiatu atoke uwanjani."