Kikohozi cha Mtani Wangu

Chuo kikuu sijakanyaga, na siku hizi sioni haya kulisema. Ninayoyajua kuhusu makabila ya huku nimeyasomea Jumamosi jioni hapa Runzewe, kwenye baraza la mtani wangu, tumekaa mkekani tunamenya karanga. Yeye alikuwa Msukuma wa Kishapu, karani mstaafu wa pamba. Mkewe ni Msumbwa, mwenyeji wa hapa hapa. Mimi ni Mzigua, mtani wa Wasukuma tangu enzi za mababu, binti wa mtu aliyekuja huku na mzigo wa vitenge akasahau kurudi Handeni.

Masomo hayo yalianza kwa sababu ya kushindwa kwangu. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo mafupi ya usaidizi wa kisheria, nikarudi na sheria ya mirathi kichwani na mdomo mrefu. Wajane walinisikiliza kwa adabu, wakanishukuru, kisha wakafungasha vyombo na kuhama nyumba zao kama mashemeji walivyotaka. Mmoja akaniuliza, "Nikiwashtaki wakwe zangu, siku nikifa atanizika nani? Wewe?" Usiku ule sikulala.

Nilipomsimulia mtani wangu, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi cha kusafishia koo, alichokitoa kila mara kabla ya neno analoliona kubwa, huku akiisukuma kofia yake nyuma ya kichwa.

"Wewe mtumwa wangu," akasema, "unawatetea watu usiowajua. Utajuaje pa kuwashikia?"

Nikamwambia mtumwa ni yeye, babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi, na hata chumvi yenyewe ilimtia hasara. Mkewe akatuletea karanga akacheka. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Majirani walikuja: Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, na yeyote aliyepita njia. Kila mtu alieleza kwao wanavyooa, wanavyoomboleza, wanavyogawa mali, na nani ana ruhusa ya kusema nini mbele ya nani. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mtani wangu alipenda kunichokoza, "Mwacha mila ni mtumwa." Nami nikamuuliza, "Na anayenyang'anywa nyumba kwa jina la mila, huyo ni mfalme?" Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimpenda sana yule mzee, ingawa sikuwahi kumwambia, maana mtani haambiwi hivyo.

Siku moja alitufundisha habari za utani msibani. Mimi nilijua utani ni matusi ya kirafiki tu. Yeye akasema mtani ana haki ya kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, hata kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe anachotaka, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. "Siku yangu ikifika," akaniambia, "usije hapa kulialia kama mgeni."

Siku yake ilifika mwaka jana, mvua zilipoanza. Kifua kilimbana, akaenda.

Ndugu zake walikuja kutoka Kishapu, wakiongozwa na kaka yake mkubwa. Hawakuwa watu wabaya. Ila mtani wangu na mkewe hawakujaliwa mtoto, na kabla hata kaburi halijachimbwa niliwasikia nyuma ya nyumba wakiangalia mabati na kusema kwamba baada ya matanga shemeji atarudi kwao, nyumba iuzwe. Matofali ya nyumba ile mkewe aliyafyatua kwa mikono yake. Nikamfuata chumbani nikamnong'oneza habari ya mahakama. Akatikisa kichwa.

"Hawa ndio ndugu niliobaki nao, mdogo wangu. Niache nizike kwanza."

Nilitoka mle ndani na hasira ya kupasua mtu. Kisha nikaiona kofia ya mtani wangu kwenye msumari.

Walipoliinua jeneza, wakanikuta nimekaa kwenye kigoda katikati ya mlango, kofia ya karani kichwani, fimbo yake mapajani. Nikaisukuma kofia nyuma. Nikakohoa.

Watu waliopigwa butwaa wakaanza kucheka. "Mnanipeleka wapi," nikauliza kwa sauti yake, "na nyumba yangu hamjaniambia mnamwachia nani?"

Kaka mkubwa alijua desturi. Akatabasamu kwa shida, akatoa noti. Nikaitupa. Akaongeza nyingine, nayo nikaitupa, watoto wakaigombania.

"Sitaki hela. Nataka neno. Nyumba hii ni ya nani?"

Waliobeba jeneza walianza kuhema. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amesimama pale pale, na mchungaji pembeni yake.

"Ya shemeji yetu," kaka mkubwa akasema chinichini.

"Sema kwa sauti. Masikio yangu mmeyajaza pamba."

Hapo hata yeye alicheka, cheko lililogeuka kilio, akasema kwa sauti waliyoisikia mpaka barabarani, "Nyumba ni ya shemeji yetu, na mtu asimguse."

Nikasimama, nikawapisha, nikaenda nyuma ya jiko kulia kama mgeni.

Kaka mkubwa amelishika neno lake. Msimu wa mavuno alimletea shemeji yake debe la choroko na kutengeneza mlango wa zizi. Darasa letu linaendelea kwenye baraza lile lile, na kofia imerudi msumarini. Jumamosi iliyopita, wenzetu walipokwisha kuondoka, tulibaki wawili, mimi na mjane, tukikusanya maganda ya karanga. Aliniambia kwamba siku ile ya mazishi, nilipokohoa, aligeuka kuitika.

Nikamwomba radhi. Sikujua kama nilimuumiza.

Akaendelea kuokota maganda. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Kohoa tena."

Nikakohoa.