Bilauri Mbili za Mzee Nazmi

Birika la chini linachemka. La juu yake, dogo zaidi, lina majani makavu yanayopata joto la mvuke. Dativa Kokusiima anamimina maji ya moto juu ya majani hayo, anapunguza moto, kisha anatazama saa ya ukutani. Ni saa moja na dakika tano asubuhi, na giza la Januari bado limeukumbatia mji wa Stockholm.

"Dakika kumi na tano," anasema. "Ukiharakisha unapata maji ya rangi tu."

Zikitimia, anajaza bilauri ndogo yenye kiuno chembamba na kuinyanyua kwenye mwanga wa taa. Chai ni nyekundu ya kukoza. Waturuki huiita rangi hiyo damu ya sungura. Dativa anatabasamu, anachukua sinia na kuelekea vyumbani, ambako wazee watatu wanamsubiri.

Dativa ana miaka hamsini na mmoja. Ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee karibu na Fittja, kusini mwa jiji. Alikuja Sweden mwaka 2003 kwa mafunzo, akabaki. Alikulia kando ya mashamba ya chai mkoani Kagera, Tanzania, na likizo za shule alikuwa shambani akichuma.

"Chai nzuri ilipanda magari ikaondoka," anakumbuka. "Sisi nyumbani tulikunywa vumbi lake. Nikajiapiza kwamba siku moja nitaifuata huko inakokwenda."

Ameifuata kweli. Wenzake wakienda kuota jua Hispania, yeye amekwenda Kericho, Sri Lanka na Uturuki. Lakini safari ya Uturuki ilianzia hapahapa kazini, kwa mzee mmoja aliyegoma kunywa.

Mzee Nazmi alihamia Sweden akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani hadi akastaafu. Alipofikisha miaka themanini na mitatu, ugonjwa wa kusahau ulimnyang'anya Kiswidi chote. Kikabaki Kituruki cha kijijini kwao, ambacho hakuna mhudumu aliyekijua.

"Tulimpa kikombe cha plastiki, akakisukuma," anasimulia Dativa. "Kwenye karatasi ya kuhesabu anachokunywa tuliandika kikombe kimoja kwa siku, mara nyingine nusu." Ndani ya miezi miwili mzee alilazwa hospitali mara mbili kwa kuishiwa maji mwilini. Daktari akamwambia binti yake, Nurten, ajiandae.

Wiki hiyohiyo, Dativa akitoka kazini, alipita duka moja la Mturuki pale Fittja. Wanaume wawili walikuwa wamesimama kaunta, kila mmoja ameshika bilauri kwa ncha za vidole, juu kabisa ukingoni ambako hakuunguzi.

"Nilisimama mlangoni kama nimepigwa na kitu. Mzee Nazmi alikuwa akifanya vidole hivyohivyo kila tukimwekea kikombe. Sisi tulidhani anatetemeka."

Akanunua bilauri mbili. Kesho yake akapika chai na kumwekea. Mzee akaishika ukingoni, akanusa, akanywa yote. Akanywa ya pili. Kisha akalaza kijiko juu ya bilauri na kufumba macho. Dativa hakuelewa, akataka kumwongezea, mzee akamzuia kwa kiganja.

Jioni alimpigia simu Nurten kumweleza. Upande wa pili kikasikika kilio. "Kulaza kijiko ni kusema nimetosheka," Nurten akamwambia. "Baba ameongea na wewe."

Msimamizi wa zamu hakuliona hivyo. Vitu vya kioo haviruhusiwi mikononi mwa wagonjwa wa aina ile, na Dativa alipewa onyo la maandishi.

"Nilimwambia, dada, utafukuzwa sababu ya gilasi ya chai," anasema Juvénal, Mrundi anayefanya naye kazi. "Akanijibu, na yeye atakufa sababu ya kikombe cha plastiki?"

Dativa aliomba wiki mbili. Aliahidi kukaa na mzee kila bilauri ikiwa mkononi mwake, na kuandika kila tone. Nurten naye akaandika barua. Wiki mbili zilipokwisha, karatasi ilionyesha bilauri saba kwa siku. Onyo halikufutwa, lakini bilauri ziliruhusiwa. Mzee Nazmi aliishi mwaka mmoja na miezi minne zaidi, wala hakulazwa tena kwa kukosa maji.

Baada ya mazishi, Nurten alimpa Dativa anwani ya shangazi yake huko Rize, mkoa wa chai kaskazini mwa Uturuki. Dativa akaenda mwezi Mei, wakati wa mavuno ya kwanza.

Huko wanawake hukata chai kwa mikasi mikubwa yenye mfuko. Yeye akaomba kuchuma kwa vidole, majani mawili na chipukizi, kama Kagera. Walianza kwa kucheka, kisha mmoja mmoja wakaweka mikasi chini, wakaja kutazama.

"Hatukuwa na neno la pamoja isipokuwa chai. Kwetu chai, kwao chai. Mchana wakanimiminia, wakanimiminia, mpaka nikakumbuka kulaza kijiko! Kicheko kilichotoka pale, hadi leo nakisikia."

Mwezi uliopita alihamia hapa Bibi Vénantie, mama wa Kirundi ambaye Kiswidi kimeanza kumtoka. Safari hii Dativa hakungoja. Siku ya kwanza tu aliwauliza watoto wake: mama anakunywa nini, na kwenye chombo gani? Chai ya maziwa na tangawizi, wakajibu, kwenye kikombe cha bati.

Uongozi umekubali kwamba kuanzia masika swali hilo aulizwe kila mzee anayehamia. Dativa ndiye atakayewafundisha wahudumu kumi na wawili wa kwanza, na ana matumaini makao mengine yataiga.

Yeye mwenyewe ameshaandika karatasi yake kwa Kiswidi na kumkabidhi binti yake: chai ya rangi, iliyokolea, bila sukari, kwenye bilauri ndogo.

"Siku moja Kiswidi kitanitoka na mimi," anasema. "Huyo atakayekaa mbele yangu, ambaye huenda hata hajazaliwa, nataka anikute nimeshamjibu."