Sahani ya Mgeni

Jumamosi walinichukua kutembea, na ilikuwa siku nzuri. Naandika hilo kwanza, nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani.

Walikuwa watatu, wasichana wa darasa letu: yule mrefu anayekaa nyuma yangu, binamu yake, na yule ambaye mama yake anauza mawese sokoni. Mimi nina miezi miwili tu hapa Rumonge, Burundi. Nilizaliwa Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, tukarudi mwaka huu, na Kifaransa kinanikwama kooni, kwa hiyo shuleni nanyamaza. Walipobisha mlangoni mama alifurahi kuliko mimi. Akasema, "Nenda, mwanangu. Humu ndani hata ukuta umekuchoka."

Nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Nilitaka jioni ikifika niwe wa nne wao, nisiwe mgeni wao.

Asubuhi tulikwenda Kigwena kuona msitu. Mlinzi mmoja mwenye buti za mvua alitutembeza, akitutajia miti kwa Kirundi, na mimi nilishika majina mawili tu. Juu ya tawi alikaa nyani mkubwa, anajikuna kichwa polepole kama mtu aliyesahau kitu.

"Muangalie ule," yule mrefu akasema. "Iko kama prof wetu wa hesabu akishindwa na équation yake mwenyewe."

Tulicheka mpaka mlinzi akatugombeza. Nilicheka na mimi, kwa sauti, na nikajisikia nikicheka. Nikafikiri, basi, imekuwa rahisi hivi.

Lakini njia nzima waliniita mugeni. "Mugeni apite mbele." "Mugeni asikanyage matope, mushike mukono." Kwenye gari nilipewa kiti cha mbele, karibu na dereva. Wao watatu walikaa nyuma, wanasimuliana mambo ya mtaa wao, na mimi niliangalia michikichi inavyopita.

Mchana tulirudi Rumonge, tukaenda kula pale ufukweni wanapochoma mukeke, samaki wa ziwa hili. Yule wa mawese alikwenda mwenyewe kuchagua samaki, akabishana na mchomaji kama mtu mzima. Wakatandika kitenge mchangani. Nilipotaka kukaa, binamu akanizuia.

"Weye kaa kwa kiti. Sisi tumezoea chini."

Kikaletwa kiti cha plastiki. Kisha kikaja chakula: sinia moja kubwa ya ugali wa muhogo na samaki kwa ajili yao watatu, na sahani moja kwa ajili yangu, na uma. Samaki wangu ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote, mzima na kichwa chake, vitunguu juu.

Najua walinipa heshima. Kwao mgeni hachanganywi kwenye sinia mara ya kwanza, na labda walifikiri mtoto wa walokole kama mimi angeona kinyaa mikono mitatu ndani ya chombo kimoja. Lakini kwetu kambini tulikula sita sahani moja. Mwenye sahani yake peke yake alikuwa mgonjwa, au mtu wa kuondoka kesho.

Wao chini waligombania mkia, wakasukumana viwiko. "Toa mukono yako, we mulafi, hii upande iko yangu." Mimi juu ya kiti nilikula kwa uma, na samaki alikuwa mtamu, na nilitamani kulia.

Ndipo nikafanya upumbavu. Niliinama, nikamimina ugali wangu na nusu ya samaki katikati ya sinia yao. Nilitaka mkono wangu ufuate. Haukufuata, kwa sababu wote watatu waliacha kutafuna.

"Chakula haikutupunguka," yule mrefu akasema taratibu. Hakukasirika. Aliaibika, na hiyo ni mbaya zaidi.

Hapo nikaona nilichofanya: nimemwagia watu makombo, kama wanavyomwagiwa watoto. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikimbia, likabaki moja, la uongo. "Nimeshiba."

Waliendelea kula, wakizunguka ile nusu ya samaki wangu. Hakuna aliyeigusa. Ilibaki pale katikati peke yake mpaka mwisho.

Tulipokwenda kunawa ziwani, yule wa mawese akaja kusimama karibu nami.

"Samaki ilikuwa mubaya?"

"Hapana."

"Sasa?"

Maji yalikuwa yananifika vifundoni. "Nilitaka kula na ninyi. Mule ndani ya sinia."

Akaniangalia, akacheka kidogo. "Na unasema sasa, tumeshanawa? Ngoja nibaambie."

Nikamshika mkono. "Usiwaambie. Tafadhali." Niliona haya hata mbele ya samaki.

"Basi, sibaambie," akasema.

Na ni mtu wa neno lake. Leo Jumatatu, saa ya mapumziko, yule mrefu alinunua mkate, wakaumega kwa mikono, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake. Kipande changu alikikata kwa kisu, akakifunga kwenye karatasi safi, akaninyooshea kwa mikono miwili. Yule wa mawese aliniangalia akingoja niseme kitu.

Nikasema murakoze, asante ya Kirundi wanayopewa wakubwa na wageni. Nikaenda kukila karibu na dirisha.